Fanksheni ya bei za dagaa inanimalizia bando

SWALI: Kaka habari za kazi, mimi niko Kirumba hapa Mwanza, nimeandika fanksheni ya Python kwenye AWS Lambda (huduma ya Amazon ya kuendesha programu kule klaudi, kwenye kompyuta zao) inapokea bei za dagaa za pale mwaloni halafu inawarushia meseji wateja wa mama, sasa kila nikigusa mstari mmoja lazima nizipu nipandishe klaudi ndo nijue imekubali au imegoma, bando linaisha na siku nayo inaisha. Siwezi kutesti kwenye laptop yangu hapa hapa?

JIBU: Unaweza kabisa mdogo wangu, na sehemu kubwa hata intaneti huhitaji. Kabla hujadaunilodi kitu chochote, zile hesabu za bei zitoe ndani ya lambda_handler (ile fanksheni ambayo Lambda inaiita kwanza) uziweke kwenye faili lake, handler ibaki kupokea na kukabidhi tu. Hapo unaiita fanksheni yako kama Python ya kawaida, unaipa debe 5 kwa bei fulani unaona inarudisha nini, sekunde moja. Wengi wanaruka hii hatua wanakimbilia mitambo mikubwa na ndo wanateseka.

Ukishatoka hapo weka Docker (inaendesha programu ndani ya kontena, kama kijikompyuta kilichojitenga ndani ya laptop) na SAM CLI (zana ya AWS ya kuiga Lambda kwenye laptop). Chukua tukio moja la kweli, yaani data ambayo fanksheni ilitumiwa, kutoka kwenye logi (kumbukumbu) zako, lihifadhi kama tukio.json, ficha namba za wateja, kisha andika sam local invoke -e tukio.json. Mara ya kwanza itavuta imeji ya kontena, yaani faili la kuitengenezea, na ni nzito, kwa hiyo tafuta wifi ya mtu siku hiyo, baadae unaongeza --skip-pull-image isianze kuvuta upya.

Sasa saa. Hii naomba uisome taratibu maana inaumiza watu kimya kimya. Laptop yako inasoma saa za hapa, Lambda inasoma UTC, saa za kimataifa, iko nyuma masaa 3. Mtumbwi ukirudi na dagaa saa 8 usiku, kule klaudi bado ni saa 5 usiku ya jana, bei ya leo inaandikwa tarehe ya jana na laptop haikuonyeshi kosa lolote, wewe unabaki kushangaa kwanini wateja wanalalamika. Kwenye programu taja kabisa Africa/Dar_es_Salaam, halafu testi ukiwa umeweka TZ=UTC, ili laptop nayo isome saa za UTC, uone kama tarehe bado inatoka sawa.

Na muda wa kukimbia, Lambda usipobadilisha muda huo inakata baada ya sekunde 3, kwa hiyo kama kampuni ya meseji inajibu taratibu ongeza timeout (huo muda wa kukata) kwenye template.yaml, faili la mipangilio ambalo SAM inalisoma.

Kitu ambacho laptop haitakwambia ni ruhusa. Ukiwa nyumbani fanksheni inatumia funguo zako wewe ambaye unaruhusiwa karibu kila kitu, kule klaudi inatumia role yake (orodha ya ruhusa iliyopewa), inaweza ikanyimwa hata kusoma jedwali la wateja. Hiyo pandisha kwenye staki ya majaribio, yaani nakala ya mfumo wako kule klaudi iliyotengwa na ile ya wateja, weka namba yako tu kwenye orodha, usubiri meseji iingie kwenye simu yako.