Mvinyo mweupe wenye rangi ya chungwa: usiumwage

Dada, nimekuelewa: Ribolla Gialla uliyoletewa zawadi kutoka Oslavia, Italia, inaitwa mvinyo mweupe, lakini ndani ni rangi ya chungwa na chini kuna mashapo, nawe unahofia umeharibika. Kwa dalili hizo pekee, hapana. Ribolla Gialla ni aina ya zabibu yenye asili ya Friuli, eneo la Italia mpakani na Slovenia, na wakulima wengi wa Oslavia huiacha juisi ichachuke pamoja na maganda kwa wiki au hata miezi. Josko Gravner, mtengenezaji mvinyo wa huko, hutumia mitungi mikubwa ya udongo kutoka Georgia, iliyofukiwa ardhini. Rangi na ukakasi utakaousikia mdomoni hutoka kwenye maganda; mashapo hubaki kwa kuwa mvinyo haukuchujwa.

Isimamishe chupa siku nzima, kisha mimina taratibu. Usiupoze mno, maana ukakasi utazidi. Nyuzi 12 hadi 14 zinatosha. Mimi hupenda kuunywa na kuku wa kuoka.

Mvinyo ukinuka siki kali au dawa ya kufutia rangi ya kucha, uache. Na kama una pumu, muulize daktari kwanza: hata mvinyo wa asili huwa na salfaiti, kemikali inayoweza kuchochea pumu kwa baadhi ya watu.