Mkojo unaisha na damu na sisikii uchungu, nifanye nini?

SWALI: Habari daktari. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Pipeline, kazi ni ya mjengo. Wiki kama tatu sasa mkojo unaanza ukiwa sawa halafu mwishoni yanatoka matone ya damu. Uchungu hakuna, ni kuwashwa kidogo tu. Kemisti walinipa dawa ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) nikamaliza lakini bado. Kwetu ni Kwale, Disemba nilienda nyumbani tukawa tunaoga mtoni. Hii ni nini?

JIBU: Poa ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza. Mimi niko upande wa maabara kwa hivyo dawa utaandikiwa na daktari, ila maelezo yako yana vitu viwili ambavyo ningevifuata kabla ya kingine chochote, damu inakuja mwisho wa mkojo na umeoga mtoni Kwale. Damu ikitoka mwanzoni peke yake mara nyingi shida iko kwa mrija wa mkojo, ikichanganyika mwanzo mpaka mwisho inaweza kuwa figo au kibofu, ikija mwishoni kama yako tunaangalia kibofu chenyewe. Na mtu wa pwani mwenye damu ya mwisho lazima afikiriwe kichocho. Mdudu anayeleta kichocho anaingia kupitia ngozi ukiwa ndani ya maji yenye konokono, halafu anachukua miezi miwili mitatu kabla mayai hayajaanza kuonekana kwa mkojo, ndo maana unaoga Disemba unakuja kuona damu ukiwa umesharudi Nairobi na mto umeshausahau. Dawa ya UTI haimuui huyo hata umeze paketi tatu.

Sasa sikiliza hapa manake ndo watu wanakosea. Usipeleke mkojo wa kwanza wa kuamka asubuhi. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hivyo enda muda huo, panda ngazi au tembea haraka kidogo kwanza, na usimwage yale matone ya mwisho, hayo ndo tunayataka kwa kikopo. Mwambie wa maabara kwa mdomo wako kwamba umeoga mtoni Kwale, manake huku Nairobi tunaletewa mikojo mingi ya UTI na usiposema anaweza kuchovya kile kijiti cha kupimia mkojo, aone damu, aandike hivyo na aishie hapo. Tukizungusha mkojo kwa mashine na kuweka lile tope la chini kwa hadubini, yai linaonekana wazi kabisa, refu kidogo na kamwiba kwa ncha moja. Likipatikana dawa ni praziquantel, inapimwa kwa uzito wako, kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na unakula kwanza. Haiwamalizi vizuri wadudu wachanga kwa hivyo urudi upimwe tena baada ya wiki kadhaa. Usiiache ikae miaka, kichocho cha muda mrefu kinaharibu mirija ya figo na kinaweza kuleta kansa ya kibofu.

Kama yai halikuonekana na damu inaendelea, usikubali kurudishwa nyumbani hivyo hivyo, omba piksha (ultrasound) ya figo na kibofu. Na mtu wa miaka 40 kwenda juu, hasa anayevuta sigara, damu bila uchungu hata mara moja tu aende hospitali.

Kuna rangi za kawaida pia, bitiruti inaleta wekundu, dawa ya TB inaleta rangi ya chungwa na usiiache kwa sababu hiyo, vitamini B njano kali. Ila mkojo wa rangi ya soda nyeusi na uso umevimba asubuhi, au baada ya kazi nzito misuli inauma vibaya, au una homa kali, hapo ni siku hiyo hiyo, usingoje. Vilevile macho yakiwa ya njano, homa na mgongo kuuma ubavuni, mwenye mimba akiona damu, au mabonge ya damu yamefunga mkojo hautoki kabisa, hiyo ya mwisho enda hata usiku.

Na wale mlioga nao mtoni wapigie simu, hasa watoto, wapimwe hata kama hawajaona damu.