Binti yangu anaongea na ziwa tangu alipotazama katuni ya Moana

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Nipo Kirumba, Mwanza, nauza dagaa mwaloni. Mume wangu alizama ziwani mwaka jana. Binti yetu wa miaka 8 alitazama katuni ya Moana, msichana anayevuka bahari, kwenye simu ya mjomba wake. Tangu hapo akienda kuteka maji anayasemesha, ati baba kageuka samaki kama yule bibi wa Moana aliyerudi akiwa samaki aina ya taa. Tena anataka kuwa nahodha. Ustadhi wake anasema mtoto keshaingia kwenye shirki, yaani kumshirikisha Allah, atamke shahada upya, na mimi nitubu kwa kumlea kidume. Silali.

JIBU: Wa alaykumu salaam. Pole dada yangu, Allah amrehemu mumeo. Umenyimwa usingizi bure.

Kwamba ndani ya katuni ile Maui ni nusu mungu na Te Fiti ni muumba wa visiwa, hiyo ni itikadi batili, hilo hatubishani. Lakini kutoka "katuni ina batili" hadi "mtoto amekufuru", ustadhi ameruka bonde zima. Kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Haandikiwi hata dhambi ndogo, sembuse kuritadi! Bibi Aisha, mke wa Mtume, alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi wa mbawa mbili. Mtume (s.a.w.) akauliza: farasi ana mbawa? Akajibu: hukusikia kwamba Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka hadi magego yakaonekana. Imo katika hadithi za Abu Dawud. Hakuambiwa arudie shahada.

La unahodha ndilo limenikera. Bukhari amepokea hadithi kwamba Mtume aliamka nyumbani kwa Ummu Haram, sahaba wa kike, akicheka, akamweleza ameonyeshwa watu wa umati wake wakipanda bahari kama wafalme. Mama yule hakusema hayo ni ya wanaume. Alisema: niombee niwe miongoni mwao. Akavuka bahari, na aliposhuka chomboni akaanguka kutoka kwenye mnyama wake, akafariki. Kaburi linalonasibishwa naye lipo Larnaca, kisiwani Cyprus, hadi leo. Nitaambiwa alikuwa abiria tu. Sawa, basi ustadhi alete dalili inayomkataza mwanamke usukani. Wapo wavuvi wanaoona mwanamke akikanyaga mtumbwi ni mkosi. Hiyo ni mila ya mwaloni, asitubandikie sisi kwa jina la dini.

Mimi kilichonigusa katika katuni ile ni baba yake Moana. Anamkataza binti kuvuka mwamba kwa sababu rafiki wa huyo baba alizama. Mwanao amelielewa hilo kuliko mimi na ustadhi wake.

Kwa hiyo usimchape, wala usimzuie kwenda ziwani. Haabudu maji yule, anamtafuta baba yake. Mketishe umwambie waziwazi: baba hakugeuka samaki, na maji hayapeleki salamu. Mwambie pia kwamba Mtume amemhesabu aliyekufa kwa kuzama kuwa miongoni mwa mashahidi, na kwamba dua ya mtoto humfikia mzazi. Akifika ufukweni na ndoo yake aseme: Rabbir-hamhumaa kamaa rabbayaanii swaghiiraa, yaani Mola wangu, warehemu wazazi wangu kama walivyonilea nikiwa mdogo. Siku za mwanzo nenda naye, mseme pamoja. Ukilia mbele yake si vibaya. Huenda ndicho anachokisubiri.

Huyo mjomba mwenye simu amfundishe kuogelea kabla ya habari za usukani. Na ustadhi usibishane naye, mtoto asije akatengwa madrasani. Mpe jibu hili asome, akiwa na neno anitafute mimi.