Makundi ya habari: kusimba muunganisho kuna faida?

SWALI: Nasoma makundi ya habari ya Usenet (mtandao wa mijadala ya hadhara) kupitia seva ninayoilipia. Programu yangu bado iko kwenye poti 119, mlango wa kawaida usiosimbwa. Nikihamia muunganisho uliosimbwa nitapata faragha kweli, au nitapunguza kasi bure?

JIBU: Hamia, na sababu ya kwanza ni nenosiri lako. Kwenye poti 119 programu hujitambulisha kwa amri za AUTHINFO USER na AUTHINFO PASS, na zote mbili kwa kawaida husafiri kama maandishi ya wazi. Anayechungulia Wi-Fi unayotumia, au mitambo ya njiani, husoma nenosiri, jina la kila kundi unalofungua na kila makala unayovuta. TLS, yaani mfumo wa kusimba (kuficha) data kati ya programu na seva, hufunika hayo yote. Haifuniki anwani ya seva, mara nyingi hata jina lake, wala saa ulizounganisha na wingi wa data. Kampuni inayokupa intaneti itajua unatumia Usenet. Kwamba haitaki kujua unachosoma, na kwamba haiwezi tena kukiona, ni mambo mawili, na TLS inakuhakikishia hilo la pili.

Kwenye mipangilio ya seva chagua SSL/TLS na uweke poti 563. Vibadilishe vyote viwili kwa pamoja. Ukiweka 563 bila kuwasha TLS, programu itaganda: yenyewe inangoja salamu ya seva, na seva inangoja TLS ianzishwe. Ukiwasha TLS ukabaki 119, utapata kosa papo hapo.

STARTTLS, njia nyingine ya kuwasha TLS, iepuke ukiweza. Huanza kwa maandishi ya wazi ndipo ikaomba kusimba, kwa hiyo mtu wa katikati anaweza kulifuta ombi hilo, na programu iliyowekwa “ikiwezekana” itaendelea bila kinga. RFC 8143, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2017, inapendekeza TLS tangu mwanzo.

Onyo la cheti (kitambulisho cha kidijitali cha seva) usilipite kwa kubofya “kubali”. Kagua kwanza saa ya kompyuta, kisha jina la seva: ukiandika namba za IP badala ya jina lililo kwenye cheti, ukaguzi kwa kawaida hukataa. Cheti kisipokaguliwa, huenda unamsimbia mdukuzi mwenyewe.

Kasi? Prosesa nyingi za leo zina amri za AES (mbinu ya kusimba) ndani yake, na intaneti yako itachoka kabla yake. Vifaa vidogo vya zamani ndivyo huelemewa.

SWALI: Basi nikiandika makala sitajulikana?

JIBU: Hapo TLS haikusaidii, maana kazi yake inaishia kwenye seva. Makala ni ya hadhara na husambaa kwa seva nyingine, na vichwa vyake (mistari ya taarifa inayotangulia makala), hasa NNTP-Posting-Host au Injection-Info, vinaweza kubeba anwani yako ya IP. Tuma makala ya majaribio kwenye misc.test, ifungue, kisha utazame chanzo chake. Katika Thunderbird ni Ctrl+U. Ukiiona IP yako, muulize mwenye seva kama huificha, au tumia VPN (huduma inayopitisha muunganisho wako kwenye seva yake), ukijua kwamba hapo umehamishia imani yako kwa mwenye VPN. Mwenye seva bado anaijua akaunti yako na unachovuta. Fanya jaribio hilo kabla ya kuandika jambo nyeti, kwani amri ya kufuta makala hupuuzwa na seva nyingi.