Gitaa limezama, besi imetawala: majibu kwa wapenzi wa hevi metali

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinalalamika jambo moja: metali ikipigwa nyumbani inageuka kelele. Msomaji wa Kihesa tumempa nafasi kubwa kuliko wenzake kwa sababu tatizo lake ndilo la wengi.

Shikamooni wataalamu. Nina amplifaya ya wati 60 kila upande na spika mbili ndefu za kusimama sakafuni, zenye tundu kwa nyuma. Chumba ni cha matofali ya kuchoma, mita 3 kwa 3.6, dari ya jipsamu kimo cha mita 2.7, chini vigae. Spika ziko kwenye kona, kochi limeegemea ukuta. Kwaya na Bongo Fleva zinatoka safi. Nikiweka metali, ile ngoma ya miguu miwili inakuwa mngurumo mmoja usiokatika na gitaa zinamezwa. Ninunue amplifaya kubwa zaidi? (Kihesa, Iringa)

Marahaba. Usinunue. Wati 60 kwa chumba hicho zinatosha na kubaki. Mgonjwa ni chumba, na vipimo ulivyotuma vinamtaja.

Kila chumba kina sauti zake za besi ambazo kuta huzirudisha zikakutana na kuvimba. Ukitaka kujua ya kwanza, chukua 343, ambayo ni mwendo wa sauti kwa mita katika sekunde, ugawe kwa urefu wa chumba mara mbili. Kwako, mita 3.6 zinatoa hezi 48 (yaani mitikisiko 48 kwa sekunde), mita 3 zinatoa hezi 57, na kimo cha mita 2.7 kinatoa hezi 64. Zote tatu zimeangukia au kukaribia palepale ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa kanyagio, inapokaa, kati ya hezi 50 na 80. Sasa chukua mpiga dramu anayekwenda mapigo 200 kwa dakika, akigonga mara nne katika kila pigo. Hivyo ni vishindo zaidi ya 13 kwa sekunde, kimoja kila milisekunde 75. Chumba cha tofali kinaweza kuendelea kuunguruma kwenye hezi 57 kwa nusu sekunde nzima, kwa hiyo kishindo cha saba kinaingia cha kwanza hakijatoka. Kwaya haikusumbui kwa kuwa besi yake hutembea polepole, na Bongo Fleva huacha nafasi kati ya kishindo na kishindo.

Anza na yasiyo na gharama. Kwanza hakikisha nyaya hazijapishana. Chomoa waya wa spika kwenye amplifaya, kisha gusisha ncha zake kwenye betri ya volti 1.5, chanya kwa nyekundu, hasi kwa nyeusi. Gusa na kuachia, usishikilie. Wufa, ile spika kubwa ya besi ndani ya boksi, itaruka nje au ndani, na zote mbili lazima ziruke upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikaingia, umeunganisha kinyume: besi mbili zinafutana, na gitaa linakosa mahali pa kukaa.

Kisha toa spika kwenye kona, maana kona ndiyo inayozidisha sauti hizo tatu zote kwa pamoja. Zielekeze kwenye ule urefu wa mita 3.6. Uso wa boksi uwe sentimita 70 kutoka ukuta ulio nyuma yake, na katikati ya wufa pawe sentimita 55 kutoka ukuta wa ubavuni. Spika zitaachana kwa mita 1.9. Kochi lisogee mbele, kichwa chako kiwe mita 1.4 kutoka ukuta wa mgongoni. Ukutani besi zote hujaa. Katikati kabisa ya chumba baadhi hupotea. Hapo mita 1.4 ndipo pa kuanzia, halafu sogea sentimita kumi kumi ukisikiliza ngoma ya mguu, wala si gitaa. Tunajua mama wa nyumba ana maoni yake kuhusu kochi kukaa kati ya sebule. Weka alama sakafuni, usogeze wakati wa kusikiliza tu.

Tatu, kunja soksi nene uizibe ile tundu ya nyuma ya spika, zote mbili. Besi ya chini kabisa itapungua, lakini inayobaki inakatika haraka zaidi. Kwa muziki huu ni biashara nzuri.

Zulia la mita 2 kwa 1.5 kati yako na spika, pamoja na pazia zito, litatuliza matoazi yanayodunda kwenye vigae. Usitarajie liguse besi: wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6, blanketi halilioni. Kabati lililojaa nguo au godoro nene lililosimamishwa konani husaidia kidogo. Trei za mayai ziachie mayai.

Kama bado kuna uvimbe, pakua kwenye simu programu ya kutoa sauti ya hezi moja moja na nyingine ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Kaa kwenye kochi, anza hezi 40, panda mbili mbili hadi 100 bila kugusa volyumu. Utakuta sehemu sindano inaruka. Ikiwa programu yako ya muziki ina ikwalaiza inayokuruhusu kuchagua hezi, punguza hapo desibeli 4 hadi 6, ukigusa hezi chache tu za jirani. Penye shimo, yaani sauti inapozama, usijaze: kuongeza desibeli 6 kunadai nguvu mara nne, na shimo lenyewe litaimeza.

Mambo wataalamu. Nimenunua sabufa ya 3.1, boksi limeandikwa wati 12,000. Nimebonyeza kitufe cha Rock na besi iko mwisho. Gitaa zinalia kama nyuki kwenye debe, mwimbaji simsikii. Shida nini? (Mwanjelwa, Mbeya)

Poa. Hizo wati 12,000 ni za kuuzia. Igeuze usome kibandiko karibu na waya wa umeme. Huko mara nyingi hukuta wati 50, 60 au 80, na hicho ndicho inachovuta kwenye soketi. Haiwezi kukupa kwa mfululizo zaidi ya inachopokea, tena sehemu kubwa hupotea kama joto.

Kitufe cha Rock hupandisha chini na juu, kikaacha bonde katikati. Gitaa la metali linaishi kwenye bonde hilo. Ni kweli uzi mnene ukifungwa kawaida ni hezi 82, na kuna wanaoulegeza sana: Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani kule Birmingham, kufikia 1971 alikuwa ameshushia nyuzi zake hadi kama hezi 69. Hata hivyo ukali wenyewe, ile sauti ya msumeno, uko takriban hezi 500 hadi 4,000, na mwimbaji yumo humohumo. Wewe umepandisha kila kitu isipokuwa hicho.

Rudisha kila kitu kwenye sifuri. Zima besi kabisa, sikiliza spika ndogo peke yake, halafu ipandishe taratibu mpaka gitaa la besi lisikike likibadilisha noti. Ukishasikia noti badala ya mtikisiko, acha hapo. Spika ndogo za inchi 3 haziwezi kushuka chini sana, kwa hiyo sabufa inabeba mpaka hezi 150 au zaidi, na sauti ya juu kiasi hicho sikio linajua inatoka wapi. Iweke katikati ya hizo ndogo, isiwe nyuma ya mlango. Ndogo zipande usawa wa masikio.

Ukipata hela, tafuta jozi ya spika za mtumba zenye wufa ya inchi 6.5 na amplifaya ya wati 40 kila upande. Dukani nenda na multimita: spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) isomeke kama 5.5 hadi 7. Isiposoma kitu, koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imekatika au kuna waya umeachia ndani. Toa wavu, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, ikikwaruza, rudisha. Kagua na ule mpira au sponji ya pembezoni, maana sponji ya zamani humomonyoka kwa kuguswa tu.

Albamu ya Metallica ya 1988 haina gitaa la besi kwenye spika zangu. Ya 2008 inakwaruza. Spika zimekufa? (Mafinga)

Spika zako nzima. Kwenye *…And Justice for All* besi ya Jason Newsted ilishushwa mno katika uchanganyaji, karibu haipo kwa kila mtu. *Death Magnetic* ilirekodiwa kwa kubanwa hadi vichwa vya mawimbi vikakatwa, kwa hiyo mkwaruzo umo ndani ya albamu. Kupimia spika tumia ile ya 1991, aliyoisimamia Bob Rock: besi, ngoma na gitaa kila kimoja kina kiti chake.

Amplifaya yangu inajizima baada ya nusu saa nikipiga metali. Muziki mwingine haizimi. Nimeifunika vizuri isiingie vumbi, na nimeunganisha spika nne. Twita ya kushoto, ile spika ndogo ya sauti za juu, imeungua mara mbili. (Njombe Mjini)

Kitambaa cha kufuma kitoke juu ya amplifaya leo. Acha wazi sentimita 10 juu na 5 kila ubavu, na isikae ndani ya kabati lenye mlango wa kioo.

Muziki mwingi una kupanda na kushuka, na amplifaya hupumzika kwenye mabonde. Metali haina mabonde. Wastani wa nguvu unakaa juu mwanzo hadi mwisho. Njombe nayo iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban moja ya tano, hivyo inaondoa joto pungufu hata kama mwenyewe umevaa sweta. Spika nne za omu 8, mbili kwa sambamba kila upande, zinakuwa omu 4, na amplifaya inatoa mkondo mara mbili. Soma nyuma yake: ikiwa imeandikwa omu 8 hadi 16, ondoa jozi moja.

Twita inauawa na amplifaya ndogo iliyosukumwa kuliko na kubwa iliyotulia. Ikifika ukingoni hukata vichwa vya mawimbi, na ukataji huo huzaa sauti za juu nyingi zinazokwenda moja kwa moja kwenye koili nyembamba ya twita. Umeme ukishuka hadi volti 180 jioni, ukingo unakaribia zaidi, basi stabilaiza si anasa. Gitaa likianza kuwa kavu na matoazi kupasuka, umeshapita, rudi nyuma. Na usikimbilie wati: kutoka 40 kwenda 80 unaongeza desibeli 3 tu, ambazo ungezipata kwa kubadilisha spika inayotoa desibeli 87 kwa wati moja na inayotoa 90.

Nikisikiliza kwa bluetooth kutoka YouTube matoazi yanatiririka kama maji. Niteketeze bando kwa mafaili makubwa? (Makambako)

Kwa kiasi. Matoazi na gitaa lililochafuliwa ni sauti iliyojaa kila mahali, na faili la kilobiti 128 kwa sekunde halina nafasi ya kuihifadhi. Albamu ya dakika 45 kwa kilobiti 128 ni kama MB 43, kwa 320 ni MB 108, kwa FLAC, faili lisilopunguzwa ubora, ni zaidi ya MB 300. Hiyo ya 320 inatosha. Kisha tumia waya wa shilingi chache kutoka simu hadi amplifaya, na kwenye simu weka volyumu chini kidogo ya mwisho.

Ninaishi nyumba ya kupanga, jirani ananigongea ukuta. Nitasikilizaje? (Uyole, Mbeya)

Jirani hasikii gitaa, anasikia besi iliyopita ukutani na sakafuni. Nyanyua sabufa iwe juu ya sponji au kipande cha godoro, isiguse ukuta wa pamoja. Sogeza kiti hadi mita moja kutoka kwenye spika. Kila ukipunguza umbali nusu, unapata karibu desibeli 6 bila kugusa kitufe. Kwa sauti ndogo sikio hupoteza besi kwanza, kwa hiyo hapo desibeli 3 au 4 za ziada zinaruhusiwa.

Usiku tumia hedifoni, lakini na zenyewe zina hesabu: desibeli 85 ni saa 8 kwa siku, 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Masikio yakivuma baada ya kuvua, ulizidisha.

Huku kwetu mvua na radi haviishi. Nifanyeje vyombo visiharibike? (Tukuyu)

Radi ikianza kusikika mbali, chomoa plagi ukutani pamoja na waya wa dishi, kwa sababu kuzima swichi peke yake hakutoshi. Boksi lisigusane na ukuta wenye unyevu, acha upana wa kiganja. Washa mfumo angalau mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, joto lake likaushe ndani. Chombo kilichosafirishwa kutoka kwenye baridi kikae ndani ya nyumba saa mbili au tatu kabla ya kuwashwa, umande uliotanda juu ya saketi ukauke kwanza.