Miezi 11 ya kutafuta nyumba Lubumbashi

Mama, unasema umezunguka Kampemba na Katuba miezi 11 ukitafuta nyumba ya kununua, sasa hata simu ya komisionere, yaani dalali, hutaki kuipokea. Kinachokuchosha ni nyumba ambazo hukupaswa kwenda kuziona. Kabla ya kulipa teksi, mdai komisionere picha ya sertifika, hati ya usajili wa ardhi: jina la mwenye mali, namba ya parsele (kiwanja), vipimo. Akianza "kesho, kesho", mwache. Kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo ni wa Serikali, na haki yako juu ya parsele inasimama kwa sertifika hiyo. Fishi ya kartiye, karatasi ya mtaa, haitoshi, hata ikiwa na mihuri mitatu. Usitoe akonti, malipo ya kwanza, kabla konservatere, afisa wa Serikali wa hati za ardhi, hajalinganisha namba na kitabu chake.

Nyumba za kwenda kuona zitabaki chache. Tazama mbili kwa wiki, basi. Nenda Januari au Februari, asubuhi baada ya mvua kubwa. Ukuta uliopakwa rangi mpya nusu mita ya chini tu, juu rangi kuukuu, unaficha alama ya maji. Gusa, utasikia ubaridi. Mambo ya umeme muulize jirani, si muuzaji.

Ukichoka kweli, pumzika wiki tatu. Dola hazitaoza.