Mafuta ya magendo: neno lenyewe na hukumu yake

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nina duka Ngamiani, Tanga. Nimenunua madumu sita ya mafuta ya kula yaliyoshushwa kwa mashua usiku upande wa Kigombe, bila ushuru. Mshirika wangu anasema "magendo" ni neno la serikali, halimo katika dini, basi mafuta ni halali. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah.

Mwenzako amepata nusu. Magendo ni neno linaloeleza njia, halielezi kitu. Bia iliyolipiwa ushuru mpaka senti ya mwisho si magendo, na bado ni haramu. Mafuta yako ni ya magendo, lakini kwa dhati yake si haramu wala si najisi.

Usilichanganye na ulanguzi. Wazee wa Tanga wanakumbuka msako wa wahujumu uchumi wa 1983, sabuni na sukari zikiuzwa mlango wa nyuma. Tangu hapo maneno hayo mawili yanatumika kama pacha. Mlanguzi huhodhi bidhaa mpaka bei ipande, nayo ndiyo ihtikari, iliyokatazwa katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim: "Hahodhi ila mkosefu." Mali ya wizi ni mlango mwingine kabisa. Hata uinunue kwa fedha safi, hurudi kwa mwenyewe.

Hoja inayopendwa pwani kutetea magendo ni hadithi ya Abu Daud kwamba mtoza maksi haingii Peponi. Maksi ni kutoza watu kwa dhulma. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii kama wengi wetu hapa, ameruhusu mtawala kuwatoza wenye mali pale hazina inapokuwa tupu na haja ikawa ya umma, kama ulinzi. Ukiona ushuru umezidi, walalamikie wanaoupanga. Bandari bubu saa nane usiku si mahali pa kudai haki. Tena magendo hayatembei peke yake: hufuatana na uongo, au na rushwa, ambayo Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wake.

Ama mauzo yenyewe, kwa madhehebu ya Shafii katazo lisilohusu kitu chenyewe haliyabatilishi. Anayeuza wakati wa adhana ya Ijumaa, imamu yuko mimbarini, anapata dhambi na mauzo yanasihi. Basi mafuta ni milki yako, na anayekula chapati zake hana lawama. Lawama ni yako, uliyenunua ukijua.

Sasa tubia, usinunue tena. Mbane aliyekuuzia akwambie yalikotoka. Yakiwa ya wizi, yarudishe. Kisha fungua kila dumu unuse, maana dumu lililobeba dizeli halitakati kwa sabuni. Mimina yale ya chini kabisa kwenye glasi uyaache yatulie: maji ya bahari ni mazito kuliko mafuta, utayaona yamejitenga chini. Dumu la namna hiyo ukiliuza kimya ni ghishi, yaani udanganyifu, na "anayetughushi si katika sisi."

Yaliyo salama nenda nayo forodhani ukayaeleze. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu yataifishwe. Yakichukuliwa, usiseme umedhulumiwa. Na ushuru utakaolipa usiuhesabu kuwa zaka. Zaka ya duka ni asilimia 2.5 ya thamani ya bidhaa mwaka ukitimia, na ina makundi yake manane ya wanaostahili kupewa.

Wallahu aalam.